Sauti nyuma ya mlango: Tosca ya Maria Callas ikisikilizwa Nairobi

Katika wiki za mwisho za mwaka 2004, majambazi walivamia nyumba moja ya likizo huko Diani, kusini mwa Mombasa, wakampiga vibaya mzee wa miaka 83. Alilazwa hospitalini Mombasa, na Desemba hiyo akasafirishwa kwa ndege hadi Milan akiwa hajitambui. Afya yake haikurudi tena. Alifariki Machi 2008 nyumbani kwake kaskazini mwa Italia. Kwa mpita njia wa Diani alikuwa Mtaliano mstaafu kama wengine wenye nyumba karibu na ufuo. Jina lake lilikuwa Giuseppe Di Stefano, na sauti yake imo katika rekodi ya opera ambayo wajuzi wengi hawajaona ya kuipita.

Rekodi hiyo ni Tosca ya Giacomo Puccini, iliyofanywa Agosti 1953 katika jumba la La Scala, Milan. Di Stefano, mwenye sauti ya tenori, anaimba sehemu ya mchoraji Mario Cavaradossi. Baritoni Tito Gobbi ni Scarpia, mkuu wa polisi. Tosca mwenyewe ni Maria Callas, soprano ambaye wakati huo alikuwa bado hajatimiza miaka 30.

Mkazi wa Nairobi ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Opera hapa ina sifa ya kuwa burudani ya wachache: wenye bustani kubwa Karen, wenye watoto katika shule za Lavington, wageni wa balozi. Sifa hiyo haikutoka hewani. Konsati nyingi za muziki wa Ulaya zimefanyika katika kumbi kama ule wa shule ya Braeburn, Barabara ya Gitanga, mahali ambapo asiye na gari huanza kuwaza atarudije nyumbani kabla hata wimbo wa mwisho haujaanza. Lakini ipo opera moja ambayo mtu wa mjini hahitaji kutayarishwa ndipo aielewe, nayo ni hii. Ndani yake mna mkuu wa polisi, mtoro wa kisiasa, msanii anayemficha, na mwanamke anayelazimishwa kusikiliza mateso. Nairobi ina anwani za mambo hayo, na nyingi unaweza kuzifikia kwa miguu.

Kisa chenyewe kinaanza Roma, Juni 1800. Mfungwa wa kisiasa aitwaye Angelotti ametoroka ngome ya Castel Sant'Angelo na kujificha kanisani. Cavaradossi, anayechora picha humo, anamkuta na kumpeleka nyumbani kwake. Scarpia anawatafuta watu wawili kwa mpigo: mfungwa, na Floria Tosca, mwimbaji mashuhuri wa mji na mpenzi wa mchoraji. Anamkamata mchoraji. Anamwita Tosca ofisini, mezani pameandaliwa chakula cha jioni, na chumba cha pili Cavaradossi anateswa. Scarpia anaamuru mlango ufunguliwe ili mwanamke asikie vizuri zaidi. Tosca anavunjika, anataja maficho. Ndipo linakuja sharti la pili: ajitoe kwa Scarpia, na mpenzi wake ataponea kwa mauaji ya bandia, bunduki zikiwa hazina risasi. Tosca anakubali, ila anadai kwanza hati ya kupita salama, ya watu wawili, kutoka nje ya Roma. Scarpia anaiandika, anaitia sahihi, anageuka kumkumbatia, na anakutana na kisu cha mezani.

Alfajiri inabainika kwamba bunduki zilikuwa na risasi za kweli. Tosca anajirusha kutoka juu ya ngome. Angelotti naye alikwisha kujiua kabla ya kukamatwa. Watu wanne wamekufa katika muda usiozidi siku moja.

Wapo wasomi walioona hayo kuwa mbwembwe tupu. Joseph Kerman, mtaalamu wa muziki wa Marekani, aliidharau opera hii katika kitabu chake Opera as Drama cha mwaka 1956, akiiona kama kitisho cha bei rahisi. Ni rahisi kufikiri hivyo ukiwa mwalimu wa chuo kikuu huko Berkeley. Anayesoma historia ya Nairobi atauona uamuzi huo kuwa wa mtu ambaye hakuwahi kuitwa ofisini usiku.

Callas, kwa upande wake, alijua mji unaotawaliwa kwa hofu unavyokuwa. Alizaliwa New York Desemba 1923 kwa wazazi Wagiriki, akahamia Athens akiwa msichana, akafunzwa kuimba na Elvira de Hidalgo, soprano wa Kihispania. Tosca aliiimba kwa mara ya kwanza jukwaani mwaka 1942, akiwa na miaka 18, Athens ikiwa chini ya majeshi ya Italia na Ujerumani na watu wake wakitoka katika majira ya baridi ya njaa kali. Miongoni mwa waliomsikiliza walikuwemo askari wa majeshi hayo. Hadithi ya Scarpia ikiimbwa mbele ya watu waliovaa sare: hapo hapakuwa na haja ya maelezo ya mwongozaji.

Alipofika Milan kurekodi miaka 11 baadaye, alikuwa amejiandaa kiasi cha kuwashangaza waliomlipa. Prodyuza alikuwa Walter Legge wa kampuni ya EMI, na aliyeiongoza okestra ni Victor de Sabata, Mtaliano aliyeogopwa kwa ukali wa sikio lake. La Scala mwezi wa Agosti huwa haina maonyesho, hivyo jumba zima liligeuzwa studio. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Legge, Gobbi alirudishwa kuimba sehemu yake ya tendo la kwanza mara 30, de Sabata akibadilisha hapa silabi, pale uzito wa sauti. Callas aliachwa apite karibu kila mahali. Kipande kimoja tu kilimshikilia kwa nusu saa: maneno machache anayoyatamka akiwa amesimama juu ya maiti ya Scarpia, akistaajabu kwamba mji mzima ulikuwa ukimtetemekea mtu huyu.

Nusu saa kwa sentensi moja. Ukiisikiliza utaelewa kwa nini. Haimbwi, inasemwa kwa sauti ya chini, karibu kwenye noti moja, na mwimbaji wa kawaida angeifanya iwe kelele za ushindi. Callas anaitamka kama mtu anayejisemea peke yake, amechoka, kidogo ana dharau. Ushindi haumo. Kinachosikika ni mshangao wa mtu aliyegundua kwamba aliyekuwa akimwogopa alikuwa na shingo, mikono na tumbo kama binadamu wengine.

Sauti ya Callas si tamu kwa maana iliyozoeleka, na anayemsikia kwa mara ya kwanza huweza kuvunjika moyo. Ina ukali kama wa chuma, chini inakuwa nzito karibu kama ya mwanamume, juu mara nyingine inatikisika. Soprano wenzake kama Renata Tebaldi walikuwa na sauti laini zaidi. Ila Callas haimbi neno mara mbili kwa rangi ile ile. Katika tendo la kwanza Tosca ni mwanamke mwenye wivu wa kuchekesha, anamdai mchoraji ambadilishe macho mwanamke wa kwenye picha. Callas anauimba wivu huo kwa wepesi, bila kutangulia kuonyesha kwamba msiba unakuja. Kwa hiyo tendo la pili linapofika, tofauti ya sauti yenyewe ndiyo inayotisha: mwanamke yule yule, saa chache tu baadaye, anapumua kwa shida.

De Sabata hakuongoza opera nyingine nzima studioni. Muda mfupi baada ya kazi hiyo moyo wake uliugua, na hakurudi tena kwenye pilikapilika za jukwaa. Callas aliirudia Tosca studioni Paris katika miaka ya 1964 na 1965, safari hiyo kwa stereo, Gobbi akiwa naye tena. Mwigizaji bado yumo, sauti imechakaa. Tarehe 5 Julai 1965 aliiimba Covent Garden, London, Malkia Elizabeth akiwa ukumbini, na hakusimama tena jukwaani katika opera yoyote. Alirudi kwenye konsati mwaka 1973 na 1974 akiwa na Di Stefano, ziara iliyoishia Japani, ambayo mashabiki wao wenye huruma hawapendi kuizungumzia. Alifariki Paris Septemba 1977 akiwa na miaka 53.

Sasa turudi Nairobi, mwezi ule ule wa Agosti 1953.

Mji ulikuwa chini ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Aprili 1953 Jomo Kenyatta na wenzake watano walikuwa wamehukumiwa Kapenguria kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Majaji walikuwa wakitoa hukumu za kunyonga kwa kasi ambayo himaya ya Uingereza haikuwa imeizoea. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya uasi wa Mau Mau hadi vita vilipokwisha. Agikuyu, Aembu na Ameru hawakuweza kusafiri bila karatasi. Na katikati ya hayo yote, Nairobi ilikuwa na jumba jipya la maigizo: Kenya National Theatre, lililofunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa.

Mahali lilipojengwa pana historia yake. Liko mkabala na hoteli ya Norfolk, karibu na kituo kikuu cha polisi. Machi 1922 umati ulikusanyika eneo hilo kudai mpinga ukoloni Harry Thuku aachiliwe kutoka korokoroni. Wazee waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi na kuwasihi watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele ya wanaume na kuwaambia wampe suruali zao, ikiwa wao wameshindwa. Askari walifyatua risasi. Watu zaidi ya 20 walikufa, Nyanjiru akiwa wa mwanzo. Leo barabara hiyo inaitwa Harry Thuku, na wapenzi wa maigizo huipita wakielekea kukata tikiti. Puccini, aliyekuwa hai bado mwaka huo, hakupata kusikia habari za Nyanjiru. Angemfaa.

Jumba lenyewe lilichukua miongo kadhaa kuwa la wananchi. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipotaka kulionyesha humo igizo lao juu ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, walipewa siku chache tu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umeshikwa na tamthilia za kigeni. Februari 1982 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kutoka Limuru kilikuja na Maitũ Njugĩra, mchezo uliojengwa juu ya nyimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, wenye dansi na okestra, unaosimulia mateso ya wafanyakazi wakati wa ukoloni. Wakafika wakakuta milango ya ukumbi imefungwa kwa kufuli na polisi wako nje. Walihamia Chuo Kikuu cha Nairobi wakaendelea na mazoezi, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mazoezi hayo mpaka nako wakafukuzwa. Mwezi uliofuata jukwaa lao la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa.

Ukitafuta opera ya Kenya ya karne iliyopita, ndiyo hiyo. Haikurekodiwa kwenye santuri. Serikali ilihakikisha haikufika hata usiku wa kwanza.

Kutoka Barabara ya Harry Thuku hadi Nyayo House, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Jengo hilo lilikamilika mapema miaka ya 1980. Chini yake kulikuwa na vyumba vya giza ambako, hasa wakati wa msako wa kundi la siri la upinzani la Mwakenya ulioanza mwaka 1986, watu walifungiwa uchi ndani ya maji kwa siku na wiki, wakapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa, kisha wakarudishwa chini. Mwandishi Wahome Mutahi, ambaye Wakenya walimjua kwa safu yake ya vichekesho ya Whispers, alipita humo mwaka huo wa 1986, na baadaye akaandika riwaya Three Days on the Cross, isiyo na kichekesho hata kimoja. Serikali mpya ya muungano wa Narc iliifungua milango hiyo kwa umma Februari 2003. Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia waathiriwa 21.

Jambo moja hujitokeza katika simulizi za waliotoka humo: walifungwa macho. Hawakuona ofisi, hawakuona sura, walijua tu sauti. Waliwatambua wahoji kwa namna wanavyokohoa. Waliwatambua wafungwa wenzao kwa vilio kutoka vyumba vya jirani, na wengine wanasema vilio hivyo viliwaumiza kuliko kipigo chao wenyewe.

Hapo ndipo santuri ya 1953 inapoonyesha nguvu ambayo hata jukwaa halina. Katika tendo la pili Tosca hamwoni Cavaradossi akiteswa, anamsikia. Ukumbini mtazamaji ana mambo mengi ya kumpumzisha: mavazi, mishumaa, sura ya mwimbaji anayetokwa jasho. Mwenye santuri hana kitu. Amewekwa pale pale alipowekwa Tosca, upande huu wa mlango. Gobbi anazungumza kwa adabu ya afisa mwenye muda wa kutosha, hapandishi sauti. Kilio cha Di Stefano kinatoka mbali, nyuma ya okestra. Callas anajibu, mara anamsihi afisa, mara anamwita mpenzi wake, na kila jibu lina pumzi fupi kuliko lililotangulia. Anapotaja maficho ya mtoro unasikia mtu akisalimu amri kwa silabi chache kavu, bila machozi. Machozi yanakuja baadaye, katika wimbo wake wa peke yake, anapomlalamikia Mungu kwamba aliishi kwa sanaa na sala na haya ndiyo malipo yake. Kuna rekodi nyingi ambamo wimbo huo umeimbwa vizuri zaidi kwa noti. Hakuna, kwa maoni ya mwandishi huyu, ambamo inasadikika hivi kwamba mwimbaji anangojea jibu.

Halafu kuna ile hati. Tosca anamwua Scarpia baada ya kuhakikisha karatasi ya kusafiria imeandikwa, na baada ya kumwua anahangaika kuitafuta mezani, asiione, mpaka anaikuta ndani ya ngumi ya maiti. Kwa Mkenya aliyewahi kufuata pasipoti, sehemu hiyo ina ladha yake: afisi za idara ya uhamiaji ziko Nyayo House, jengo lile lile, na kila siku ya kazi foleni ya watu wenye picha ndogo na risiti mkononi hukaa juu ya vyumba vile.

Haifai kuifanya Tosca iwe kitabu cha historia ya Kenya. Puccini alijali zaidi mapenzi kuliko siasa, na Victorien Sardou, aliyeandika tamthilia ya awali mwaka 1887 kwa ajili ya mwigizaji Sarah Bernhardt, alijali zaidi makofi. Ila kazi ya sanaa ikitoka kwao hupata wasikilizaji wasiotarajiwa. Sisi ni miongoni mwao.

Wala masikio ya huku si mageni kwa muziki wa namna hii. Karen Blixen, aliyeishi chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka 1931 na ambaye nyumba yake sasa ni makumbusho, aliandika kuhusu gramafoni aliyopewa na Denys Finch Hatton na jinsi mpishi wake Kamante alivyoshikilia kipande kimoja cha polepole cha Beethoven, akikiomba mara kwa mara. Simulizi hiyo ni ya tajiri juu ya mtumishi wake na inafaa kusomwa kwa tahadhari; bado inaonyesha kwamba kijana wa Kikuyu alikuwa na uchaguzi wake na hakuubadilisha ili kumpendeza mtu. Ufukweni, Siti binti Saad wa Zanzibar alikuwa amekwisha kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab kwa kampuni ya His Master's Voice, ambayo miaka mitatu baadaye iliungana na Columbia kuzaa EMI. Kwa hiyo Siti na Callas ni wasanii wa nyumba moja. Naye Siti aliimba msiba wake wa mahakamani: kisa cha Kijiti, aliyemwua mwanamke akakimbilia bara, huku mashahidi wanawake ndio wakitiwa hatiani.

Siku hizi kwaya za Kikatoliki na Kianglikana za Nairobi huimba Handel kwa Kiswahili bila kuona ajabu. Muumini wa Consolata Shrine, Westlands, hatahitaji kuelezwa mwisho wa tendo la kwanza, Scarpia anapopanga uovu wake huku kanisa zima likiimba Te Deum kwa Kilatini na kengele zikilia. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1927, limewapitisha wanafunzi wengi katika nyimbo za soprano na tenori zilizotungwa Ulaya. Kenya Conservatoire of Music imefundisha sauti tangu miaka ya 1940. Na opera ya hapa hapa ipo: mwaka 2020 Nairobi iliona Nyanga: Runaway Grandmother, kazi iliyosukumwa na soprano Mkenya Rhoda Ondeng' Wilhelmsen pamoja na mtunzi Francis Chandler.

Kuipata rekodi yenyewe si taabu. Santuri halisi ni bahati nasibu: vibanda vya Kenyatta Market, katikati ya wasusi wa nywele na moshi wa nyama choma, vina benga, rumba na soul kwa wingi, na Puccini huchomoza mara moja moja. Kwenye simu inapatikana nzima, na inachukua chini ya saa mbili. Tendo la pili peke yake ni kama dakika 40, yaani matatu ya kutoka mjini hadi Kangemi jioni yenye mvua, na huenda Scarpia akafa kabla hujafika Westlands. Anayeanza aanze na tendo hilo, akiwa na muhtasari wa kisa kichwani, bila kujisumbua na Kiitaliano. Akimaliza ndipo arudi mwanzo. Wajuzi watanung'unika kwamba hivyo sivyo opera inavyosikilizwa. Waachwe wanung'unike.

Kinachokosekana ni Tosca inayoimbwa kwa Kiswahili, jukwaani, katikati ya mji. Mwalimu Julius Nyerere alimleta Julius Caesar wa Shakespeare katika Kiswahili mwaka 1963, akiwa na nchi ya kuendesha. Tosca ina maneno machache zaidi. Hakuna ada ya kumlipa mtu. Giuseppe Giacosa, mmoja wa walioandika maneno ya opera hiyo, alifariki mwaka 1906, mwenzake Luigi Illica mwaka 1919, na Puccini mwaka 1924. Sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ulinzi huo ulikwisha zamani, na nota zake zinapatikana bure.

Waandaaji wasianze na opera nzima. Waanze na tendo la pili, Kenya National Theatre, juma moja la mwezi Februari, mwezi ambao milango ya Nyayo House ilifunguliwa. Linahitaji waimbaji watatu wakubwa, wachache wadogo, kwaya ya kuimba nyuma ya jukwaa, meza ya chakula, mishumaa miwili na kisu. Waathiriwa walio hai wapewe viti vya mbele, na tikiti ziuzwe kwa bei ambayo mtu wa Kangemi anaweza kulipa na kubaki na nauli.